Pweza Aliyenunuliwa kwa Dakika Kumi

Maiti ilikuwa ndani ya karai la kufulia nguo, imefunikwa kwa sinia, na juu ya sinia mtu alikuwa ameweka jiwe, kana kwamba bado ilikuwa na nguvu za kutoroka.

Sajini Lorna Nyamoita aliondoa jiwe, akainua sinia, akachuchumaa. Katika miaka kumi na minne ya upelelezi alikuwa ameona waliokufa kwa panga, kwa sumu ya panya na kwa wivu. Pweza hakuwahi. Na angemwonea wapi? Kutoka Nyamira hadi baharini ni safari ya usiku kucha na mchana juu yake. Huku ni majani chai, ndizi, na mvua kila alasiri. Mikono minane ililala ovyo kama kamba zilizokatwa, na ngozi ilikuwa na rangi ya uji uliolala.

"Huyo ndiye marehemu," alisema Job Obwocha, mwenye nyumba, akiwa amesimama mlangoni na suti yake ya kupokea wageni. "Muuaji mko naye kwa seli tangu jana jioni. Sasa sijui unatafuta nini kwangu Jumapili asubuhi, Afande."

"Natafuta alivyokufa."

"Si nimeshaandikisha? Sheila alimmwagia jiki. Chupa hiyo hapo. Harufu ndiyo hiyo. Unataka pweza aamke akwambie mwenyewe?"

Lorna alirudisha sinia mahali pake. Alikuwa amejua siku nyingi kwamba mtu mwenye haraka ya kufunga kesi huwa amekalia kitu.

Kituoni walikuwa wamecheka mpaka machozi. Kesi ya pweza! Konstebo mmoja aliuliza kama ushahidi utaletwa na ugali au na chapati. Lorna hakucheka, kwa sababu kabla ya kuja alikuwa amepita seli akaongea na mshtakiwa. Sheila alikuwa mfanyakazi wa nyumba hii kwa miaka minne, mama wa watoto wawili, na mwezi huu huu alikuwa amepata kazi ya upishi katika shule moja ya wasichana. Kilichobaki ni cheti cha polisi cha tabia njema; alama za vidole alikuwa ameshachukuliwa. Lakini kesho saa tatu angesimama kizimbani kwa kosa la kuharibu mali makusudi, na jina likishaingia huko, nenda ukaambie shule ingoje. Itangoja nani? Wapishi wamejaa.

"Mimi ndiye nilikuwa namlisha, Afande," Sheila alisema akiwa ameshika vyuma. "Alikuwa ananijua. Nikifungua kifuniko anashika kidole yangu, hivi, kama mtoto mchanga. Mzee mwenyewe alikuwa anamwogopa."

"Jana ilikuwaje?"

"Wao walienda kanisa, ilikuwa Sabato. Mimi ni Mkatoliki, nikabaki. Saa nne nikamkuta ametoka nje, ako sakafuni, ametoa wino nyeusi kila mahali. Nikamshika na mikono nikamrudisha kwa maji. Akakataa. Alikuwa ananing'ang'ania mkono, Afande, hataki kuingia. Nikampigia mzee mara tatu, simu imezimwa. Wino ikakataa kutoka kwa sakafu, ndio nikaweka jiki. Kwa sakafu! Si kwa maji."

Hataki kuingia. Maneno hayo mawili Lorna alitoka nayo seli, na sasa aliyasimamisha mbele ya tangi la kioo sebuleni kwa Obwocha, akayaangalia yote mawili, maneno na maji.

Lilikuwa tangi kubwa, urefu wa kitanda cha mtoto, na juu yake kulikuwa na kifuniko chepesi cha mbao ambacho hata kuku angekisukuma. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimetundikwa nyuma, na pindo lake lote lilikuwa limezama ndani ya maji. Lorna alilivuta pindo akalinganisha na sehemu iliyokuwa kavu. Buluu ile ile. Kisha akaenda kwenye kona akaokota fulana ya zamani iliyotumika kupigia sakafu deki. Ilikuwa ya kahawia, na ilikuwa imejaa madoa meupe kama ngozi ya chui.

"Bwana Obwocha, unajua jiki hufanya nini nguo?"

"Inaimaliza rangi. Hata mtoto anajua."

"Basi mtoto anajua kwamba jiki ilipita hapa," akainua fulana, "na haikupita hapa." Akaonyesha pindo la buluu.

Obwocha alirekebisha tai. "Hiyo ni mambo ya kitambaa. Mimi niliibiwa uhai wa mnyama."

Lorna alijaza chupa mbili za maji kutoka tangini, akazifunga, akaziandika tarehe na saa. Majibu ya maabara yangechukua siku, na yeye alikuwa na mchana mmoja. Akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono hadi kwenye bega, akachota changarawe kutoka chini. Kiganja kilitoka na tope laini jekundu, kama vumbi la matofali.

"Hii ni nini?"

"Mchanga wa bahari, labda."

"Nani hugusa maji haya?"

"Sheila peke yake."

"Na chumvi?"

"Ilikuja pamoja na pweza. Ndoo nzima, kutoka Mombasa."

"Ndoo iko wapi?"

Hapo Obwocha aliangalia saa yake, na haikuwa mara ya kwanza. Watu wa mji walikuwa wamealikwa kuanzia saa saba, waje waone maajabu, na hakuna aliyekuwa ameambiwa asije. Kila mtu Nyamira alijua kisa chenyewe. Mshindani wake wa biashara ya vifaa vya ujenzi kule Nyakoe alikuwa ameweka tausi watatu langoni, na tangu siku hiyo wateja walikuwa wakinunua misumari na kupiga picha. Obwocha hakulala mpaka alipopata mnyama ambaye hana mkia wa kujivunia lakini ana akili. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu: tausi ana manyoya, pweza ana akili.

"Ndoo iliisha," alisema. "Mambo ya chumvi yanaingilia wapi kesi?"

"Bado sijajua. Ndiyo maana nauliza."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na zizi la ng'ombe mmoja wa gredi, mweusi na mweupe, tumbo kama pipa. Mama yake Obwocha, bibi mfupi aitwaye Gesare, alikuwa akimkatia matete. Lorna aliinama kidogo akasalimia kwa Ekegusii, akamwita Omong'ina, yaani mama mzee, kama inavyostahili mtu wa rika lile, kisha wakaendelea kwa Kiswahili kwa sababu kazi ya serikali bibi aliipenda kwa Kiswahili.

"Omong'ina, nimekuja kwa ajili ya yule mnyama."

"Yule kitu? Kama unatafuta mwenye alimchukia, andika mimi." Gesare hakuacha kukata. "Andika kabisa. Gesare alisema hapana. Maandiko inasema ya majini uangalie mapezi na magamba. Huyo hana mapezi, hana magamba, hana hata mfupa. Nilimwambia Job, hiyo kitu haitaingia sufuria yangu."

"Kwa hivyo ulitaka afe?"

Panga lilisimama. Gesare alimtazama Lorna jinsi mtu anavyomtazama mjukuu aliyeuliza swali la kijinga mbele ya wageni. "Nimesema haitaingia sufuria. Kutoliwa ni bahati ya mnyama, siyo makosa yake. Mungu aliiumba ikae mahali yake. Nani aliitoa huko? Mimi?"

Lorna alitaka kucheka, lakini kitu kilimvuta mkono. Ng'ombe alikuwa ametoa ulimi kati ya mbao, akaukamata mkono wake uliokuwa umetoka tangini, na alikuwa akiulamba kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini, kwa bidii, macho yamefumba. Lorna alipouondoa, ng'ombe alilamba nguzo. Akaiacha nguzo, akalamba ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa tayari umelambwa mpaka chokaa imetoka, duara kubwa lenye unyevunyevu.

Lorna alikulia Magwagwa, kwenye kinyesi cha ng'ombe mpaka magotini, na hakuhitaji kufundishwa maana ya ukuta ule.

"Omong'ina, huyu amekosa chumvi tangu lini?"

"Tangu Ijumaa." Gesare alikunja uso. "Na nilifungua mfuko mpya Jumatano! Kilo kumi. Ijumaa jioni naenda kuchukua, hakuna. Nikasema labda ni panya. Lakini panya gani anakula chumvi kilo kumi na anaacha mahindi?"

"Chumvi yenyewe ni ya rangi gani?"

"Si ile nyekundu ya ng'ombe ya maziwa."

Lorna aliangalia kiganja chake. Ng'ombe alikuwa amelamba hadi kwenye kifundo, lakini katikati ya mistari ya kiganja bado kulikuwa na wekundu.

Alitoka hadi kwenye migomba, akapiga namba aliyoipata kwenye karatasi ya mzigo. Aliyepokea aliitwa Athman Shebwana, muuzaji wa samaki wa mapambo Mombasa, na Lorna alimwambia kwamba pweza amekufa.

"Amekaa siku ngapi?" aliuliza.

"Alifika Jumanne. Jana akafa."

"Siku tano! Yarabi. Na hilo tangi alilijaza lini?"

"Naambiwa Jumatatu."

"Jumatatu?" Sauti ya yule mtu wa pwani ilipanda. "Bi Afande, tangi la pweza hujazwa maji likaachwa miezi mitatu halina mtu. Mitatu! Mpaka maji yakomae, yajisafishe yenyewe. Ndipo wamtia mnyama. Hayo nilimwambia."

"Swali langu ni moja. Mtu akitia chumvi ya ng'ombe badala ya ile yako, itakuwaje?"

"Chumvi ya ng'ombe ina nini ndani?"

Lorna alirudi zizini mbio. "Omong'ina, ule mfuko wa chumvi ulienda wapi?"

"Niliukuta leo asubuhi kwa shimo ya takataka, umesukumwa chini kabisa ya maganda ya ndizi. Mfuko mzuri hivyo! Nikautoa, nikauosha. Uko pale, nimefunikia miche ya kabeji."

Lorna aliufunua. Ulikuwa mfuko mgumu wa plastiki, picha ya ng'ombe mbele, na nyuma orodha ya madini kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Aliisoma yote simuni, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye shaba, Shebwana alimkatiza.

"Basi. Usiendelee. Damu ya pweza na damu ya konokono ni ukoo mmoja, na konokono huuawa kwa shaba. Shaba kidogo tu ndani ya maji, mnyama hana maisha. Atahisi maji yanamchoma. Atatafuta kutoka."

Hataki kuingia, alikuwa amesema Sheila. Pweza alikuwa amefanya kila awezalo kuwaeleza watu, na mtu pekee aliyesikia ndiye aliyefungiwa.

"Bwana Shebwana," Lorna alisema, na hasira ilikuwa imeshapanda hadi kwenye masikio, "kama ulijua tangi linataka miezi mitatu, mbona ulimpeleka mnyama kwa siku moja?"

"Alisema nisipomtuma leo, anunua kwa mwingine."

"Nawe ukamtuma."

"Nikamtuma. Nilimrekodia maelezo kwenye wasapu, Afande. Vipande kumi na moja. Naviona hapa hapa, hata kimoja hakijafunguliwa."

"Usifute. Na usidhani nimemaliza nawe."

Alimkuta Obwocha akipanga viti vya wageni barazani. Gesare alimfuata nyuma, polepole, panga bado mkononi.

"Bwana Obwocha," Lorna alisema kwa upole, "huyo ng'ombe wako ni mzuri sana. Ulimpata wapi?"

Uso wa Obwocha ulifunguka kama dirisha. Hapo alikuwa kwake. "Magwagwa! Afande, huyo nilimtafuta miezi sita. Sikukurupuka. Nilienda mara nne. Mara ya kwanza nikaangalia mama yake. Mara ya pili nikafika bila kuambia mtu, nione anavyokamuliwa asubuhi. Nikauliza majirani. Nikapeleka daktari wa mifugo ampime damu. Nikajenga zizi kwanza, nikapanda matete kwanza, yakakua, ndio nikamleta. Ng'ombe si mchezo."

"Kweli si mchezo. Na pweza?"

"Pweza je?"

"Ulimtafuta miezi mingapi?"

Obwocha alicheka kidogo. "Hiyo niliona tu kwa video. Nikapiga simu."

"Ulichukua muda gani kuamua?"

"Sijui. Kama dakika kumi."

"Ulimuuliza nani huyu mnyama anakula nini, anaishi maji gani, anaugua nini?"

"Afande, ni samaki."

"Si samaki. Hata hilo hukuuliza." Lorna aliuweka mfuko wa chumvi juu ya kiti cha kwanza cha wageni, picha ya ng'ombe ikitazama juu. "Huu uliufukia wewe au ni panya?"

Kiti alichokuwa amekishika Obwocha kilishuka taratibu mpaka sakafuni. Alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa akimtazama yeye.

"Chumvi ya Mombasa iliisha Ijumaa," alisema hatimaye, na sauti ya mwenye duka ilikuwa imemtoka. "Maji yalikuwa yamepungua, nikaongeza ya mfereji, kipimo kikasema chumvi haitoshi. Jua lilikuwa linazama. Sabato inaingia, kununua siwezi. Na wageni wanakuja Jumapili. Nikasema, chumvi si ni chumvi?"

"Sabato inakataza kununua," alisema Gesare. "Haikatazi kungoja."

"Mama..."

"Usiniite mama sasa. Kitu ya siku moja! Wewe, kwa ndoa yako, tulituma esigani kwa wakwe miezi minne, mshenga anauliza huyu ni wa nani, nyumba yao iko aje, wagonjwa wako wangapi. Mke ulichunguziwa. Ng'ombe ukachunguza mwenyewe. Huyu mnyama alitoka kwao bila mtu kuuliza hata jina. Esigani wake alikuwa nani? Simu?"

"Na jana?" Lorna hakumpa nafasi ya kupumua. "Uliporudi kanisani ukakuta amekufa, ulijua?"

"Niliona maji ni mekundu. Nikashuku."

"Ukashuku, ukafukia mfuko. Halafu?"

Obwocha alianza kunyoosha mstari wa viti.

"Nakuuliza, halafu ulifanya nini? Jua limezama, Sabato imetoka, mdomo bado una nyimbo. Kazi ya kwanza uliyofanya baada ya kutoka kwa Mungu ilikuwa kumpeleka mama wa watoto wawili kwa seli, kwa sababu alisafisha sakafu yako!"

"Wageni, Afande. Ningewaambia nini watu? Kwamba mimi, Obwocha, nimemuua mnyama wangu na chumvi ya ng'ombe? Kule Nyakoe wangecheka mwaka mzima."

"Acha wacheke," alisema Gesare. "Ingia kwa gari. Hiyo viti nitarudisha mwenyewe."

Saa saba, saa ambayo wageni walikuwa wamealikwa, Job Obwocha alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi, suti na tai, mfuko wa chumvi miguuni. Sheila alitolewa seli akakalishwa benchi la pili, akimtazama ana kwa ana. Nywele zake zilikuwa na vumbi la blanketi. Konstebo aliyecheka asubuhi alikuwa ameacha kucheka, akamletea chai bila kuambiwa.

"Nimekuja kuondoa malalamiko," Obwocha alimwambia konstebo wa zamu, kwa sauti ya chini. "Kulikuwa na kutoelewana kidogo."

"Hakuna kutoelewana," alisema Lorna. "Utaandika taarifa mpya kwa mkono wako: nani alitia nini kwenye maji, na nani alifukia nini. Jina la Sheila litatoka kwenye karatasi zote kabla hajavuka huo mlango, na cheti chake kitakwenda mbele kama kilivyokuwa kinakwenda. Kosa la kudanganya polisi tutalizungumza likiwa na faili lake. Lakini kabla hujashika kalamu, nipe simu."

"Simu ya nini?"

"Nipe."

Alifungua wasapu mbele yake, akatafuta jina la Shebwana. Vipande vilikuwepo, kumi na moja, vimepangana kama vitoto vya bata, kila kimoja na alama yake ya kijani ya kitu ambacho hakijasikilizwa. Cha kwanza kilikuwa kimefika wiki moja iliyopita, saa kumi jioni. Malipo ya Obwocha yalikuwa yamekwenda saa kumi na dakika tatu.

"Nilikuwa na kazi nyingi," Obwocha alisema.

"Leo huna."

Lorna aliiweka simu juu ya meza, katikati ya mabenchi mawili, akagusa kipande cha kwanza. Kwanza kulikuwa na mlio wa maji yakitiririka mahali fulani mbali, kisha sauti ya yule mtu wa pwani, isiyo na haraka, kama mtu anayeanza hadithi ndefu.

"Bwana Obwocha, salamu sana. Kabla ya yote, ndugu yangu, nakuomba: usinunue bado."

Obwocha alinyoosha mkono kuizima. Sheila aliweka kikombe cha chai chini.

"Ongeza sauti, Afande," alisema.